Kitabu cha Udongo Kisichouzwa

Jumatatu, 9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimekupigia simu, ukaniambia "Haloo, hapa hatununui kitu," ukakata. Nikapiga tena, ukakata bila hata haloo. Basi masikio yako yameshinda, turudi kwenye barua. Hii utaisoma umekunja uso, nakwambia mapema.

Chuo kimefunguliwa. Nimepewa mwaka wa kwanza, somo la udongo, katika chumba kile kile ulichofundishia wewe, chenye dirisha lisilofungika. Ubao wamebadilisha, dirisha wameliacha. Wanafunzi wamejaa mpaka wengine wanakaa kizingitini, daftari mapajani.

Na kitabu ni chako. Kingekuwa kipi kingine?

Siku ya kwanza nikawaambia wafungue sura ya kwanza. Wenye kitabu wangeenea kwenye benchi moja, na nafasi ikabaki. Waliobaki wakatoa simu zenye picha za kurasa, nyingine zimepigwa kwenye giza, nyingine na kidole cha mpiga picha juu ya jedwali. Bei ya kitabu imepita kodi ya chumba ambamo wengi wao wanalala wawili wawili. Halafu ndani ya kila kitabu kipya siku hizi kuna kadi. Unaikwangua, unapata namba, na namba hiyo ndiyo inayokuruhusu kujibu maswali kwenye mtandao. Huna namba, hujibu. Hujajibu, mfumo unakupa sifuri wenyewe, hauniulizi mimi.

Yupo mwanafunzi tunamwita Mama Pacha. Ndiye mwakilishi wa darasa. Asubuhi anawaacha watoto wake kwa mama yake, anawahi maktaba kabla haijajaa, ananakili kitabu chako kwa mkono, pamoja na michoro. Aliniletea majibu ya sura ya kwanza kwenye karatasi, safi kabisa. Ikabidi nimwambie kwamba mfumo haupokei karatasi. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, nimekosea swali lipi?"

 Nimerudi nyumbani na swali hilo.

Nikaketi na toleo la tano na la sita, nikayalinganisha mstari kwa mstari. Kilichobadilika ni jalada na mpangilio wa maswali. Swali la tatu limehamia la tisa, la tisa limerudi la kwanza. Basi. Hiyo ndiyo sababu vitabu vya mwaka jana havifai tena.

Kwa hiyo, Shangazi, naandika kitabu changu. Kitabu huria. Maana yake nitakiweka kwenye mtandao, na mtu yeyote atakisoma, atakipiga chapa, atakigawa, hata atakirekebisha, mradi tu aseme kimetoka kwa nani. Nimeshaanza. Sikuombi ruhusa. Nakuomba usome.

Mwanao,
Kidomo

---

17 Februari

Kidomo,

Marahaba. Uso nimeukunja.

Unajua kitabu kile kilitoka wapi? Nilipoanza kufundisha, tulikuwa tunawasomesha watoto wa watu juu ya mashamba yanayofunikwa na theluji. Theluji! Mwanafunzi anakariri jinsi barafu inavyopasua udongo, akirudi kwao anakuta ardhi imepasuka kwa jua na hajui la kufanya. Nikachukua sululu. Kila picha ya shimo iliyomo humo, mimi nilisimama ndani ya shimo hilo. Baba yako alikuwa akinivuta mkono kunitoa na kunicheka. Miaka ya kuchimba, miaka ya kuandika, na mume aliyechoka kula chakula kilichopoa akaondoka zake. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema ujue ile ni kazi, si karatasi.

Sasa wewe unataka kutoa cha bure. Cha bure watu wanafunikia sufuria. Mwanafunzi akitoa jasho kukipata kitabu, atakisoma. Akiokota, atakiacha mvuani. Na nani atakikagua? Nani atakataa upuuzi ukiingia? Kila mtu akiwa na ruhusa ya kurekebisha, mwisho wa siku utakuwa na uji.

Habari za kadi ya kukwangua sikuzielewa. Kadi ya kukwangua ninayoijua mimi ni ya kuongeza salio. Na hilo toleo la sita umelitoa wapi? Mimi nina la nne hapa mezani. Hakuna aliyeniletea la tano. Nadhani umechanganya na kitabu cha mtu mwingine.

Jipu la mguuni limepona. Jirani wa juu bado anapiga muziki, kwa bahati nzuri simsikii.

Shangazi yako

---

2 Machi

Shangazi,

Sijachanganya. Nakutumia toleo la sita lenyewe, pamoja na kadi yake. Ikwangue uone. Jina lako liko pale juu kwa herufi za dhahabu, na ndani kuna dibaji inayosema "mwandishi amepitia upya kila ukurasa." Ulipitia lini? Ukiwa usingizini?

Fungua sura ya nne. Angalia picha ya tabaka za udongo.

Kwenye bahasha ya kaki nimeweka sura zangu tano. Sijanakili sentensi yako hata moja, ingawa nyingine nazijua kwa moyo kwa sababu ulinilea nazo. Nimeanza na chupa ya maji. Chukua udongo wa nyuma ya nyumba, tia kwenye chupa, jaza maji, tikisa, weka dirishani. Mchanga unatua kwanza, mfinyanzi unabaki umeelea mpaka kesho. Nimewafanyisha darasa zima. Kila mmoja alileta udongo wa kwao, dirisha lile lisilofungika likawa na chupa za rangi zote, mpaka mfagizi akauliza kama tumefungua duka la dawa.

Unasema cha bure watakiacha mvuani. Mama Pacha ananakili cha kwako kwa mkono, Shangazi. Kwa mkono! Jasho gani zaidi unalitaka kwake? Wanaokosa kitabu si wavivu. Wavivu wenye uwezo wanacho, kipya, hakijafunguliwa.

Kalamu yako nyekundu bado ina wino? Nisahihishe.

Kidomo

---

11 Machi

Kidomo,

Wino upo, utauona.

Nianze na cha kwako. Sura ya kwanza na ya pili nzuri. Ya tatu umeandika kama mtu anayekimbizwa. Katika jedwali la sura ya tano umegeuza tindikali na chokaa, kwa hiyo umewaambia watoto wa watu waongeze chokaa kwenye udongo ambao tayari chokaa imeuzidi. Mkulima akikufuata atavuna mawe. Rekebisha leo leo, kabla hujanywa chai. Kile kipande cha chupa za dirishani kinanikera kwa sababu ningependa ningekifikiria mimi.

Sasa cha kwangu.

Nimeangalia picha ya sura ya nne. Bado imesimama kwa kichwa. Udongo wa juu uko chini, mwamba uko juu, na nyasi zinaota kuelekea kuzimu. Niliwaandikia juu ya picha hiyo toleo la pili lilipotoka. Nikawaandikia la tatu. La nne wakanijibu kwamba kubadilisha ni gharama, tusubiri. Sasa naona pesa za kuhamisha maswali na kuchapa kadi zimepatikana. Za kugeuza picha moja hazijapatikana.

Na sikupitia ukurasa wowote. Hawakunieleza. Dibaji ile si yangu, mimi siwezi kuandika "kwa unyenyekevu mkubwa" hata ukinishikia panga.

Hata hivyo, nisikilize. Usikitoe kitabu chako bado. Nitawaandikia wachapishaji. Nitawaambia mpwa wangu anaandika kitabu na kwamba ni kizuri, kwa hiyo washushe bei na waondoe hizo kadi kabla wanafunzi hawajawakimbia. Watu wazima wanazungumza. Nimefanya nao kazi tangu wakiwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Wananiheshimu. Nipe muda.

Shangazi yako

---

CHUO CHA KILIMO
OFISI YA MKUU WA CHUO

4 Aprili

Kwa Mkufunzi, Idara ya Udongo

YAH: TUHUMA ZA KUNAKILI KAZI YA MWANDISHI MWINGINE

Ofisi hii imepokea malalamiko kutoka kwa wachapishaji wa kitabu cha kiada cha somo lako. Wanadai kwamba kazi uliyoisambaza kwa wanafunzi kuanzia tarehe 18 Machi imenakiliwa kutoka kitabu chao, hususan sura ya nne. Malalamiko hayo yameambatanishwa na barua iliyoandikwa na mwandishi wa kitabu mwenyewe, ikithibitisha kwamba yeye ni shangazi yako na kwamba alikuwa na taarifa za kazi hiyo.

Kwa kuwa Chuo kina mkataba na wachapishaji hao, ambao kwa ukarimu wao wametujengea duka la vitabu lililopo langoni, jambo hili limechukuliwa kwa uzito unaostahili. Unasimamishwa kufundisha hadi kamati itakapokaa tarehe 27 Aprili. Unaelekezwa pia kuiondoa kazi hiyo kwenye mtandao mara moja.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Mkuu wa Chuo

---

5 Aprili

Shangazi,

Leo sitaandika shikamoo, utanisamehe au hutanisamehe.

Barua yako imefika. Si kwangu. Iko mezani kwa Mkuu wa chuo, imebanwa kwa pini pamoja na mashtaka, na mwandiko ni wako, ule ule ulionifundisha kuandika herufi "k". Nimeonyeshwa kwa mbali, kama mtu anavyoonyeshwa maiti. "Mpwa wangu anaandika kitabu." Nimeona mstari huo tu, mkono wa Mkuu ulifunika mingine.

Ulisema unakwenda kuzungumza na watu wazima. Kumbe ulikwenda kunitaja.

Ndiyo, nilikitoa kabla hujaniletea jibu la wachapishaji. Ungetaka ningoje nini? Muhula haungoji. Mtihani wa kwanza ulikuwa mbele yetu, na nusu ya darasa tayari ilikuwa na sifuri ambazo hazikuwa zao. Nilikitoa jioni, asubuhi wakawa wanakisoma kwenye simu mpaka koridoni, anayetembea anamgonga aliyesimama. Jedwali la chokaa nilikuwa nimeshalirekebisha, siku ile ile nilipopata barua yako, kabla ya chai kama ulivyoamuru. Nikaweka na shukrani kwako mwanzoni. Mjinga mimi.

Wananitaka nikiondoe. Sikiondoi. Wanifukuze, waje na polisi, wang'oe na lile dirisha kama wanalitaka. Kitabu kimeshapigwa chapa na wanafunzi wenyewe kwenye kibanda cha fotokopi, kimeshafika vyuo ambavyo sijawahi kuvikanyaga. Mtu ataanza kukiondoa kuanzia wapi?

Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba mwandishi wa kitabu hiki alisimama ndani ya kila shimo. Sitawaambia tena.

Binti wa kaka yako

---

13 Aprili

Kwa Bibi Mwandishi wa kitabu cha udongo,

Shikamoo Bibi. Hunifahamu. Mimi ni mwakilishi wa darasa la mwaka wa kwanza, hapa wananiita Mama Pacha. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha kwenye meza ya mwalimu wetu. Yeye hajui kama nakuandikia, na akijua atanifokea. Nimeona heri kufokewa.

Tangu wamsimamishe mwalimu, ameletwa mwingine kutoka idara ya mifugo. Ni mtu mzuri lakini udongo anauogopa, anausoma kitabuni kama mtu anayesoma hukumu yake. Wiki iliyopita alituambia tununue kadi, tujibu maswali kwenye mtandao. Nikasimama. Sikupanga kusimama, Bibi, magoti yenyewe yalisimama. Nikasema, "Mwalimu, sisi tutajibu kwenye karatasi." Akasema karatasi hazipokelewi. Nikasema, "Basi zitakaa hapo mpaka zipokelewe."

Nikaweka yangu mezani.  Nikajua nimekwisha. Halafu akainuka mmoja wa wale wa benchi la mbele, wenye vitabu vipya na kadi zao mfukoni, mtoto wa watu wenye nafasi, akaweka na yake ya karatasi. Hapo ndipo darasa zima likamiminika. Meza haikutosha. Mwalimu wa mifugo akaleta kapu la mayai.

Kapu limepelekwa ofisini. Mkuu amesema tusipojibu kwenye mtandao tutafelishwa wote. Tumesema atufelishe. Chuo kisicho na mwaka wa pili akikiongoza, tutakuja kumtazama.

Mama yangu ananiuliza, sasa mwanangu, ukifukuzwa hao watoto utawalisha msimamo? Anasema kweli. Usiku wakilala nawaangalia, naogopa. Asubuhi hofu inapungua nikifika darasani.

Bibi, watu hapa wanasema wewe ndiye uliyemshtaki mwalimu wetu. Mwalimu ukimuuliza anageuza mazungumzo na macho yanabadilika. Mimi nimenakili kitabu chako kwa mkono wangu, sura nne, na mtu ukimnakili hivyo unamjua kidogo. Sura ya tatu uliandika kwamba udongo hauna mwenyewe, una watunzaji tu. Aliyeandika hayo siamini kama ndiye aliyeshtaki. Kama nimekosea, niandikie nijue. Kama sikukosea, kikao ni tarehe 27, saa nne asubuhi.

Mwanafunzi wako bila wewe kujua,
Mama Pacha

---

19 Aprili

Mama Pacha,

Marahaba. Hukukosea.

Ukumbi ni ule wa ghorofani? Ngazi bado hazina pa kushika? Nina magoti mabovu. Tafuta vijana wawili wenye mabega, wanisubiri langoni. Usimwambie mwalimu wako, ana hasira na mimi na ana haki, ila sitaki aimalizie kwenye karatasi. Nataka anifokee uso kwa uso, japo sitasikia.

Niwekee pia kitabu chake, kile cha kibanda cha fotokopi. Chote.

Mwandishi

---

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo mbili, moja ya ile barua ambayo sikuiweka.

Basi lako liliondoka haraka mno, na kwenye ukumbi ulikuwa unatikisa kichwa hata mahali pasipohitaji. Nimegundua nusu ya yaliyosemwa hukuyasikia. Naona ni haki yako kujua ulishinda nini, kwa hiyo nakuandikia yote.

Kabla hujaingia, wakala wa wachapishaji, yule wa suti ya kijivu, alikuwa amekwisha kuongea. Alisema mtu hawezi kulelewa na mwandishi kisha aandike cha kwake, lazima amenakili hata kama hajijui. Wajumbe wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mkuu akaniuliza kama nina la kusema. Nikafungua mdomo, na mlango ukafunguka, ukaingia wewe umebebwa na wale vijana kama bibi harusi. Nilidhani umekuja kwa upande wao. Nilikuchukia mpaka ulipofika kwenye kiti.

Mkuu alisema, "Karibu mama, tunashukuru umekuja kuthibitisha malalamiko." Hilo ndilo ulilolijibu kwa "Ahsante, maji ya kunywa yatatosha." Watu walicheka, na Mkuu akapoteza mstari wake.

Kisha ukasimama. Haya uliyasema mwenyewe, lakini hukujiona ukiyasema. Uliinua vitabu viwili, sura ya nne imefunguliwa. Ukasema, "Hiki changu, picha imesimama kwa kichwa, na imesimama hivyo tangu baadhi yenu mkiwa wanafunzi wangu. Hiki chake, picha imesimama kwa miguu. Nionyesheni mwizi anayeiba kitu kibovu akakirudisha kizima." Ukumbi uliguna. Wakala akasema, kwa sauti ndogo, kwamba picha si hoja. Mjumbe mmoja, yule mzee wa mimea, akamwambia, "Kwa miaka yote hii nimefundisha na picha hiyo nikiwaambia wanafunzi wageuze kitabu. Kwangu ni hoja."

Ukaendelea, "Na hapa, sura ya sita ambayo sikuletewa nisahihishe, ameandika kwamba mchanga unashika maji kuliko mfinyanzi. Mimi nisingeandika ujinga huu hata nikiwa na homa. Kwa hiyo hakikutoka kwangu." Shangazi! Ulinitetea kwa kunivua nguo mbele ya wakubwa zangu. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nikatoa simu, nikarekebisha mstari ule pale pale, nikauonyesha mezani. Uliniuliza nimefanyaje, nikakuandikia kwenye karatasi: *Umeshasahihishwa. Kwa kila mtu.* Ukakaa chini ghafla. Wajumbe walidhani umezidiwa, wakakuletea tena maji.

Kuhusu barua yako, mjumbe wa mimea aliomba isomwe yote. Wakala akasema si lazima. Akalazimishwa. Kumbe mstari wa pili unasema, "na ni kizuri kuliko mnachouza kwa jina langu, kwa hiyo shusheni bei au aibikeni." Walifunika mstari huo kwa mkono wao. Mimi nikaufunika kwa hasira yangu. Ningekuuliza kwanza. Sikukuuliza.

Uamuzi: sikunakili. Imeandikwa, imepigwa muhuri. Kapu la mayai limepokelewa, karatasi zitasahihishwa, sifuri zimefutwa. Lakini ulipokuwa umeshapanda basi, Mkuu aliniita pembeni. Mkataba na wachapishaji unabaki. Nikikiondoa kitabu, narudi darasani. Nisipokiondoa, nahamishiwa shamba la mafunzo, kusimamia vitalu vya miche. Alisema kwa upole, kama anayenisaidia. "Fikiria, usijibu leo."

Nikamjibu pale pale kwamba sikiondoi. Nimwambie nini Mama Pacha, kwamba niliuza dirisha nikabaki na ubao?

Jumatatu naanza vitaluni. Hakuna kiti wala umeme, kuna kibanda cha mabati na foleni ya siafu. Leo nilipokwenda kukagua, nikakuta mtu ameshafagia, na chupa za udongo zimepangwa kwenye boriti. Mwaka wa kwanza wamejipangia kuja mchana baada ya vipindi. Hawajaniomba ruhusa.

Mwanao,
Kidomo

---

10 Mei

Kidomo,

Marahaba tatu.

Kwa hiyo ndivyo alivyosema Mkuu. Mimi nilidhani ananiuliza kama nina kiu.

Nitakwambia kwa nini nilikaa chini, maana hukuuliza na najua umekufa kwa kutaka kujua. Nimeomba picha moja igeuzwe tangu ulipokuwa unaingia shule ya msingi. Nimeandika barua, nimepanda ngazi za ofisi zao, nimeambiwa nisubiri na watu wanaotabasamu. Wewe ukageuza kosa lako kabla maji hayajafika kwenye glasi.  Nilifikiri, kumbe inawezekana. Kumbe siku zote iliwezekana.

Bado nasema kutakuwa na uji usipoangalia. Anayekirekebisha lazima asomwe na wengine kabla ya neno lake kuingia. Panga utaratibu. Mmoja wa wasomaji ni mimi, simhoji mtu umri wala sijali cheo chake.

Kwenye furushi hili kuna sura ya saba, mmomonyoko. Katika sura zako sita huna ya mmomonyoko, sijui ulifikiri mvua ni mapambo. Nimeiandika upya, sikuchukua hata neno kutoka kitabu cha zamani. Mwandiko wangu umelegea, Mama Pacha ataupiga chapa, ameshausoma kwenye barua yangu. Mwambie alipwe chakula na ajibishane nami akiona nimekosea.

Weka jina langu kwenye jalada. Lote. Chini ya lako.

Wachapishaji wameshaniandikia. Nawajibu leo, nakala ya jibu hilo nimekuwekea usome.

Shangazi yako

---

10 Mei

Kwa Mkurugenzi wa Uchapishaji

Bwana,

Nimepokea onyo lako la tarehe 5 mwezi huu. Unanikumbusha kwamba kipengele cha kumi na mbili cha mkataba wetu kinanizuia kuandika au kusaidia kitabu chochote kitakachoshindana na chenu. Unasema nikikaidi mtanifikisha mahakamani. Unamalizia kwa kusema mnathamini uhusiano wetu wa muda mrefu.

Nimekisoma kipengele hicho kwa miwani na bila miwani. Kinasema unachosema. Nilikitia sahihi.

Nimeandika sura ya saba ya kitabu cha mpwa wangu. Nakuambatanishia ili msihangaike kuitafuta. Mwezi ujao nitaandika ya nane. Baada ya hapo nitazunguka vyuo vilivyobaki, kama magoti yataniruhusu, kuwaambia walimu kwamba kitabu chenye jina langu kwa herufi za dhahabu wasikinunue, na kuwaeleza ni kipi wasome badala yake.

Mahakamani nitafika. Nawaomba tu mje na toleo la sita, mlifungue sura ya nne mbele ya hakimu, na mmweleze ni upande gani nyasi zinaota. Mmweleze pia dibaji niliyoiandika bila kuiandika. Nitavaa vizuri.

Jambo moja nimeona nilitaje kwa ajili ya uhusiano wetu wa muda mrefu. Kitabu kipya hakina kadi wala namba. Mtu yeyote anaruhusiwa kukichapa, na wewe ni mtu. Mkikichapa kwa bei ambayo mwanafunzi ataiweza, hamhitaji ruhusa yangu wala ya mpwa wangu. Jina lake litangulie, langu lifuate, na picha ziachwe zilivyosimama.

Wako,
Mwandishi